Mjomba anataka binti yangu awe chambo

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ngamiani hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua na mihogo ya kukaanga. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Horohoro kwenda Mombasa na kurudi, kwa hiyo siku nyingi nyumba naiendesha mwenyewe. Mwenyewe pamoja na binti yangu mkubwa, maana bila yeye ningeshaanguka. Ana miaka 15, yuko kidato cha tatu.

Naomba nikueleze alivyo, usije ukamdhania ni mtoto wa ovyo. Hesabu zangu zote za biashara anazo yeye. Anajua nani ananidai na nani namdai, unga wa mchele ukipanda anajua tupunguze nini, na wadogo zake akiwaambia kalaleni wanalala. Darasani hakosi kumi bora. Majirani wananiambia hongera, umezaa mtu mzima.

Juzi juzi niliazima simu yake nimpigie muuza mchele, ujumbe ukaingia hapo hapo: "Mke wangu umekula?" Nikafungua. Ni mwanamume, walijuana TikTok wakahamia WhatsApp, miezi mitatu sasa. Shangazi, kilichonishangaza ni kwamba huyo bwana hakumficha kitu. Alimwambia mapema kabisa kuwa ana miaka 41, ana mke na watoto, anaishi Dar es Salaam, na hataki kumdanganya. Anamtumia bando, mara elfu tano, mara elfu kumi ya matumizi. Na kila baada ya maneno mawili anamwambia: wewe si kama wasichana wa umri wako, wewe umekomaa, na wewe naweza kuongea mambo ambayo mke wangu hayaelewi. Mwishowe akamwomba picha. Binti akamtumia moja, kifua wazi. Sasa anasema mwisho wa mwezi atakuja Tanga, atafikia gesti, anataka waonane.

Nilipombana hakulia wala hakuomba radhi. Alinitazama akasema, "Mama, mimi si mtoto. Ningetaka kwenda ningeshakwenda."

Mzigo ulinishinda, nikamwambia kaka yangu. Ana kijiwe cha bodaboda, na kazi ikipungua anaangalia kwenye simu vile vipindi vya Marekani vya kuwatega wanaume wanaotafuta watoto mtandaoni. Mwanamume anaingia ndani akidhani binti yuko peke yake, mara anatokea mtangazaji na karatasi za mazungumzo yao anamsomea, na nje polisi wanamngoja. Kaka anasema na sisi tufanye vile vile. Binti aendelee kuchati kama kawaida, amwelekeze huyo bwana kwenye nyumba moja Raskazone ambayo rafiki yake anailinda, yeye na vijana wa kijiweni wajifiche na simu zao, warushe laivu. Anasema tukienda polisi mikono mitupu watatuambia tukalete ushahidi.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba binti mwenyewe kakubali kwa moyo mmoja. Anasema anataka amwone yule bwana akidhalilika, na kwamba hataogopa. Mjomba wake anamsifu: "Huyu jasiri, huyu kakomaa, ataweza." Nilipopinga akanijibu si mwenyewe ametaka, mtoto akililia wembe mpe. Mama mkwe nilimgusia tu kuwa kuna mwanamume anamsumbua mjukuu wake, akasema binti kashavunja ungo, kashachezwa, kama mtu ana nia aje kwa wazazi. Mume wangu hajui lolote. Namjua, atampiga mtoto kwanza, kuuliza baadaye.

Kusema kweli Shangazi, na mimi moyo wangu unataka kumwona yule mtu anaumbuka. Tufanye? Na binti wa namna hii, mwenye akili hivi, nimchukulie mtoto au mtu mzima?

Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Msifanye. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali, na mpango wa namna hii ukishapata vijana na nyumba, kuusimamisha ni shida. La kufanya lipo, na litamuumiza huyo bwana kuliko laivu yoyote.

Nianze na hicho kipindi, maana kaka yako amekiona nusu. Kilichoanzisha mtindo ule kilirushwa na televisheni ya NBC ya Marekani, ndani ya programu yao ya Dateline, kuanzia 2004 hadi 2007, na mtangazaji aliyekuwa akitokea na karatasi ni Chris Hansen. Wengi wanaofanya hivyo sasa kwa simu zao wamemwiga yeye. Lakini mle ndani hapakuwa na mtoto. Waliokuwa wakichati na wale wanaume walikuwa watu wazima wa kikundi cha kujitolea kiitwacho Perverted-Justice, wakijifanya wana miaka 12, 13, 14 au 15. Msichana aliyekuwa akisema "karibu, ingia" alikuwa mwigizaji aliyeshapita miaka 18, mwenye umbo dogo. Nyumba ilikuwa na kamera kila kona, watu wa ulinzi, na mara nyingi askari uani. Na pamoja na yote hayo hawakuthubutu kumweka mtoto wa kweli mbele ya mwanamume aliyekuja kwa nia ile. Kaka yako anataka kumweka binti yako, yeye mwenyewe, kwa jina lake na sura yake, akilindwa na vijana wa kijiweni.

Mwambie pia habari ya Texas. Novemba 2006 walitega kwenye mji wa Murphy, wakakamatwa wanaume zaidi ya 20. Mwendesha mashtaka wa eneo lile akakataa kuzifikisha kesi zile mahakamani, kwa sababu jinsi watu wa televisheni na wale wa kujitolea walivyoiendesha kazi iliuharibu ushahidi. Wote wale wakaenda zao. Na mwingine waliyemtega hakufika kabisa kwenye nyumba ya mtego. Alikuwa mwendesha mashtaka msaidizi wa wilaya nyingine, akaacha kujibu ujumbe. Polisi wakamfuata kwake, kamera za televisheni zikingoja nje, naye akajipiga risasi. Dada yake akaishtaki NBC akidai dola milioni 105, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2008. Simlilii mwanamume anayewinda watoto. Nakuonyesha tu kwamba watu wenye fedha, wanasheria na vibali walishindwa kuushika moto ule, na waliokuwa wakidai haki hawakuipata.

Kwa uadilifu niseme na upande wa pili. Zipo nchi ambako mahakama zimekubali ushahidi wa raia wanaotega hivi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2020, kwenye kesi iliyotoka Scotland. Na pale pia aliyejifanya mtoto alikuwa mtu mzima.

Sasa tuje kwetu. Fikiria siku yenyewe ilivyo, si ilivyopangwa. Huyo bwana hataenda Raskazone moja kwa moja. Atashuka Kange, atapiga simu: "Niko stendi, njoo unipokee, sijui mji." Au atasema nyumba za watu anaziogopa, aje gesti. Kila atakapobadilisha, binti atatakiwa aamue papo hapo, mjomba akimnong'oneza pembeni mwambie hivi, mwambie vile, vijana sita wakimtazama. Na akifika kweli, mlango ukafungwa, nani atawazuia vijana wale mikono yao? Magazeti yetu yanajua kuandika "wananchi wenye hasira kali". Akipigwa akafa, kesi itakuwa ya mauaji, kaka yako kizimbani, na binti yako shahidi wake. Asipokufa, atakuwa mtu aliyejeruhiwa, na bado ana picha ya mtoto kwenye simu yake na sababu mpya ya kuisambaza.

Na laivu hairudi. Kabla jua halijazama sura ya binti itakuwa imefika Sahare, Duga, Makorora, na shuleni kwake. Watu watamsahau yule bwana baada ya wiki moja, hata jina lake hawatalijua. Yeye watamtambua sokoni.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtoto au mtu mzima?

Binti yako ana akili ya kweli, na usimdhalilishe kwa kumwambia hajui kitu. Mtu anayeshika daftari la madeni la mama yake akiwa na miaka 15 ana akili. Wanaochunguza makuzi ya vijana, kama profesa Laurence Steinberg wa Marekani, wanasema kijana wa miaka 16 hivi akikaa ametulia, ana muda, hana mtu wa kumshinikiza, anaweza kupima jambo karibu sawa na mtu mzima. Kinachochelewa ni kujizuia pale moyo unapokwenda mbio na watu wanapoangalia; hilo linaendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Mwaka 2005 Steinberg na mwenzake Margo Gardner waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza peke yao hawakuwa wazembe sana kuliko wakubwa. Wenzao walipokaa pembeni wakitazama, wakaanza kujiingiza kwenye hatari waziwazi, ilhali watu wazima kutazamwa hakukuwabadilisha.

Soma tena mpango wa kaka yako ukiwa na hilo kichwani. Amechukua mahali pale pale ambapo binti ni dhaifu, hasira na macho ya watu, akataka amsimamishe hapo. Akili yake ya daftari haitamsaidia mlangoni Raskazone.

Na kuna jambo nataka ulitazame kwa makini. Yule bwana alimwambia umekomaa, ndipo akaomba picha. Mjomba amemwambia umekomaa, ndipo akaomba awe chambo. Najua nia zao ni mbingu na ardhi. Kaka yako anampenda mpwa wake, sina shaka. Lakini mtoto anasikia sauti ile ile: mkubwa anamsifia ukubwa wake, halafu anamtuma mahali ambapo mkubwa mwenyewe hasimami. Kama mwezi huu atajifunza kitu kimoja tu, nataka ajifunze kushtuka kila mtu mzima anapomsifia ukomavu na papo hapo akamwomba kitu cha siri au cha hatari. Hawezi kujifunza hilo kwa yule bwana huku mjomba anamfanyia vile vile.

Umeshangaa kwamba hakumficha umri. Wala hakuhitaji. Tumezoea kuwaonya watoto kuhusu mzee anayejifanya kijana, na vipindi vile vimetukaririsha hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, David Finkelhor na wenzake, walipitia kesi za Marekani za watu wazima waliowapata watoto kwa mtandao, wakachapisha matokeo mwaka 2008: waliojifanya ni vijana walikuwa asilimia 5 tu. Wengi walisema wazi ni watu wazima na wanataka nini, na waliodhurika walikuwa wa umri wa binti yako, wakiamini wamepata mtu anayewaelewa. Kwa hiyo onyo la "usiongee na usiyemjua" lisingemsaidia. Kwa hesabu yake yeye alikuwa anamjua.

Wala si wa peke yake. Utafiti wa UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa kupinga unyonyaji wa watoto kingono, uliofanywa hapa Tanzania na kutolewa 2022 ulikadiria kuwa ndani ya mwaka mmoja watoto wapatao 200,000 wa miaka 12 hadi 17 walifanyiwa unyanyasaji wa kingono uliopitia mtandaoni. Msomee hiyo takwimu. Aibu inapungua mtu akijua hakuchaguliwa kwa sababu ana kasoro.

Mama mkwe nitamjibu kwa kifupi na kwa heshima. Kuchezwa kunamfundisha binti mwili wake na adabu zake. Hakumpi mwanamume wa miaka 41 ruhusa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Ile ruhusa ya Sheria ya Ndoa ya 1971, binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 inakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Zaidi ya hapo, binti ni mwanafunzi, na tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kifungo cha miaka 30. Asirudie neno lile mbele ya huyo mtoto.

Haya, la kufanya.

Kaka yako anadhani bila kumvuta aje hamna ushahidi. Ushahidi mnao mkononi. Fungua ujumbe wa zile elfu tano na elfu kumi: jina la aliyetuma limeandikwa pale, na namba yake. Laini zote nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo polisi wakiiomba kampuni ya simu hawatapata jina la kubuni bali mtu mwenye kitambulisho. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua jumbe za simu kuwa ushahidi mahakamani, mradi zisiwe zimechezewa. Ndiyo maana nasema msifute kitu. Msimbloku kwanza, msimtukane, msimjibu. Simu ikae kama ilivyo, chaji kamili, na isiende kijiweni.

Hapo ndipo binti anapata kazi ya ukubwa wake. Mpe daftari jipya. Akae na wewe, mchana, wadogo wakiwa wamelala au wako madrasa, aandike tarehe kwa tarehe: siku walipoanza, siku alipotumiwa fedha na kiasi gani, siku alipoombwa picha na kwa maneno gani, siku aliposema anakuja. Apige skrinshoti zinazoonyesha namba na tarehe. Hakuna mtu nyumbani atakayeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye, na utaona uso wake unavyobadilika. Alitaka kulipiza, huko ndiko kulipiza kunakoshika.

Picha yenyewe isitoke kwenye hiyo simu. Usimtumie kaka yako, usimtumie dada yako akushauri, usiitume hata kwa mtu anayesema ni askari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza picha za ngono za mtoto, kwa faini kubwa au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, na haiulizi kama aliyesambaza ni mjomba mwenye nia njema. Ionyesheni kwenye simu mbele ya askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, basi. Kama mnahofia ataiweka mitandaoni, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulika na watoto, NCMEC. Unachagua picha, simu inatengeneza alama yake ya kidijitali, alama ndiyo inayotumwa na picha inabaki kwako, kisha majukwaa kama Facebook, Instagram na TikTok yanaweza kuizuia ikipandishwa. Haiwezi kuifuta kwenye simu ya huyo bwana, hilo ni la polisi. Na akianza kutishia, "nitumie nyingine au naisambaza", au akitaka fedha, msimpe hata mia. Aliyepewa mara moja hurudi.

Kisha nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wewe na binti, kesho kutwa mkiweza. Kabla ya kwenda piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Waeleze, wakuelekeze na afisa ustawi wa jamii wa jiji ili msiende peke yenu. Semeni tangu mwanzo kwamba kuna tarehe ambayo mtu huyu amesema atakuja. Hilo litawafanya waharakishe. Wakiona wao kuna haja ya kumngoja Kange, watamngoja wao. Binti asiandike neno hata moja zaidi kwa huyo bwana ila wakisema wao na wewe uko pale, na hata hapo nakuomba ukatae asitumwe kokote kimwili.

Kaka yako usimwache pembeni akanuna, maana ndiye mwenye nyumba ya Raskazone na vijana. Mpe kazi. Awapeleke dawatini, asimame nje awasubiri, na awaambie vijana wake kwa kinywa chake kwamba mpango umekufa. Akatae hadharani pale pale kijiweni alipoutangaza, kwa sababu kuna mmoja kati yao anaweza kuamua kumtafuta huyo bwana kivyake.

Baba yake lazima ajue, na asijue kwa majirani. Lakini usimwambie wewe peke yako usiku amefika amechoka na barabara. Mtafute mtu anayemwonea haya: dada yake, au mzee wa msikitini anayemheshimu. Aambiwe akiwa bado hajaingia nyumbani, aambiwe yote kwa pamoja, na aambiwe kwamba ripoti iko polisi. Baba akimpiga, binti ataelewa kwamba kusema ukweli kunaumiza kuliko kuficha, na kesho akiwa na shida kubwa kuliko hii atakwenda kwa mtu mwingine. Mkumbushe hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Simu msimnyang'anye moja kwa moja, kwa sababu hiyo hiyo. Fungueni akaunti yake ya TikTok pamoja muangalie mwaka wa kuzaliwa alioandika. Naamini ameongeza, kwani TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutuma wala kupokea ujumbe wa faragha. Aurudishe ulio sahihi. Kwenye WhatsApp wekeni kwamba asiyekuwa kwenye orodha yake ya namba asione picha yake wala asimwingize kwenye magrupu. Ni mambo ya dakika chache, ila fanyeni wawili mmekaa kitako kimoja.

Na yale maneno yake, "ningetaka kwenda ningeshakwenda". Uliyasikia kama kiburi. Mimi nimeyasoma mara mbili na nadhani anakuambia kweli. Kwa miezi mitatu mtu mwenye umri wa baba yake alimvuta kwa fedha na sifa, na hakwenda. Kitu fulani ndani yake kilikataa. Muulize ni nini kilimzuia, umwache aseme hadi amalize, hata akinyamaza katikati usimmalizie sentensi. Kama wewe huwezi, kwa kuwa uchungu bado uko juu, mwite somo wake aliyemlea alipovunja ungo; kazi ya somo ndiyo hiyo hasa, kuambiwa yasiyoambiwa mama. Yule mtu alimpata kwa sababu alikuwa tayari kumsikiliza kila siku saa za usiku, wakati wewe umelala umechoka na yeye amemaliza kazi za nyumba nzima. Mpunguzie hizo kazi. Wadogo zake wengine nao wanaweza kuosha vyombo.

Ukishafika dawatini niandikie walichokuambia na jina la afisa aliyekupokea, uniandikie mimi tu, sitalichapisha. Wakikuzungusha, usirudi nyumbani kulala na hilo. Rudi 116 siku hiyo hiyo uwaambie umezungushwa, na nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na lile daftari la binti.

Shangazi